Vifungo vya Sambamba na Vifungo vya Kufuatana

Hakimu akishasoma adhabu pale Kisutu, ndugu wa mshtakiwa hutoka nje wakibishana: miaka miwili na mwaka mmoja, ni mitatu au ni miwili? Jibu hutegemea kama hakimu ametamka kwamba adhabu ziende sambamba.

Vifungo vya sambamba huanza siku moja, na mfungwa hutoka kile kirefu kinapokwisha. Vifungo vya kufuatana hukaa foleni: cha pili hakianzi mpaka cha kwanza kiishe. Magazeti huandika pia “kwa pamoja”, na hapo wasomaji wengi hupotea, maana “pamoja” inaweza kusomeka kama jumla. Ndiyo maana nashikilia “sambamba”.

Tuchukulie dereva wa Fuso anayetoka kushusha mzigo Mtaa wa Congo, Kariakoo, saa ambayo bidhaa za wamachinga zimefika katikati ya njia. Anarudi nyuma kwa kasi, utingo hajashuka kumwelekeza, anamgonga msukuma mkokoteni na kumvunja mguu. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Jioni anamtuma utingo Kituo cha Polisi Msimbazi akadai yeye ndiye aliyeshika usukani, kisha anampa muuza mitumba pesa ili asiseme alichokiona. Sasa ameingia kwenye Kanuni ya Adhabu: kuvuruga mwenendo wa haki na kuingilia mashahidi.

Tuseme amepewa miaka miwili kwa kosa la kwanza, mwaka mmoja kwa la pili. Hakimu akinyamaza, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inazifanya adhabu hizo zifuatane. Kimya hicho ni mwaka mzima wa mtu gerezani.

Kwenye rufaa, wakili atasema yote yalitokana na ajali moja, na desturi ya mahakama zetu ni kwamba makosa ya tukio moja adhabu zake ziende sambamba. Kwa dereva huyu, hoja hiyo naiona dhaifu. Kugonga kulikuwa uzembe wa dakika moja. Kununua mashahidi aliamua baadaye, akili ikiwa imetulia. Aliyevunjika mguu anastahili uongo ule uhesabiwe peke yake. Hata hivyo, hakimu anayefuatanisha vifungo aeleze sababu, na aangalie jumla yake isizidi uzito wa makosa yenyewe.

Rufaa huenda Mahakama Kuu. Kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Aliye gerezani huzipitisha kwa mkuu wa gereza. Nafasi hii isichezewe, kwa sababu rufaa ya pili, ile ya Mahakama ya Rufani, haipokei malalamiko ya ukali wa adhabu. Huko husikilizwa hoja za kisheria. Mwenye ndugu aliyefungwa ahakikishe kusudio limeandikwa wiki hiyo hiyo.