Wazee Hunolewa, Hawachochewi

Kati ya tafsiri zinazozungushwa kwenye warsha za afya ya wazee, hakuna inayokera kama "uchochezi wa utambuzi", yaani "cognitive stimulation". Mzee wa Isevya, Tabora, akialikwa kwenye uchochezi atauliza kwanza kosa lake. Uchochezi ni shtaka. Lilikuwamo katika Sheria ya Magazeti ya 1976, likaingia katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Utambuzi nao una gwaride lake, na anayelisimamia ni polisi. Maneno mawili, yote ya kituoni.

Dhana yenyewe, ya vikao vya kuchangamsha akili za wazee, haina utata. Mtafiti Aimee Spector na wenzake waliipima London, wakachapisha matokeo mwaka 2003: vikao 14, viwili kwa wiki, kikundi kidogo cha wazee wenye maradhi ya kusahau, na mada kama utoto, chakula, sauti, fedha na michezo. Nchini Tanzania ilijaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro. Ripoti ya 2017 ilieleza kuwa akili za washiriki 34 zilipata nafuu na wasiwasi wao ukapungua.

Watetezi wa "uchochezi" husema kuchochea ni kazi ya moto na utambi wa taa. Ni kweli. Lakini neno likishazoea kizimba cha mahakama, halirudi jikoni kwa amri ya kamati.

Wapo pia wanaoshabikia "chemshabongo". Hao wamekosea zaidi, kwa kuwa chemshabongo ina jibu moja na mshindi mmoja, ilhali msingi wa vikao hivi ni kumwuliza mzee maoni yake bila kumpima. Anayeshindwa kutaja mwaka mbele ya wajukuu hunyong'onyea, na moyo wake ndio uliokusudiwa kuchangamshwa.

Neno lipo: unoaji akili. Noa ni kitenzi cha Kibantu, hakikuazimwa Uarabuni wala Ulaya. Kimezaa mnoaji, kimezaa unoaji, kimezaa kinoo, lile jiwe ambalo wakulima na wachinjaji wanalifahamu bila kamusi. Kina pia mwenzake wa kinyume, butu, hivyo istilahi nzima inajitegemea. Tena Unyamwezi, iliko Tabora, si mgeni katika kazi hii ya kutoa maneno: "ikulu", neno linalotajwa katika kila taarifa ya habari, lina asili katika lugha za huku, na Stanley aliandika habari za Kwikuru, makao ya mtemi wa Unyanyembe, miaka ya 1870. Nchi iliyokuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji imezoea kupokea maneno na kuyatoa.

Pendekezo hili liliwahi kuwasilishwa kwa kamati moja isiyo na haja ya kutajwa. Jibu lilikuwa kwamba kunoa kunamfanya mzee aonekane butu. Mwandishi wa makala haya anajiuliza kama wajumbe husoma kurasa za michezo. Kila siku huandikwa kwamba kocha fulani "anainoa" Simba au Yanga, na hakuna mchezaji aliyewahi kushtaki kwa kutukanwa.

Matumizi hayahitaji maelezo marefu: pale Isevya, kikao cha fedha kinaweza kuanza na ile senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, iliyotumika kabla Benki Kuu haijafunguliwa mwaka 1966, cha michezo kiwe na bao, cha sauti, honi ya treni.

Uchaguzi wa jina si anasa ya wanaisimu. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa wapo vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na bibi anayeropoka au kupotea njia ni rahisi kushukiwa. Huyo hafai kuongezewa neno la mashtaka. Wanaoandaa miongozo ya huduma za wazee waandike "unoaji akili", na "uchochezi" wawaachie mawakili.