Sufu ya Nakuru na Kinyweleo cha Kondoo

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, kondoo wa Bonde la Ufa la kati hawakuwa na sufu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi, na wafugaji wake walimthamini kwa nyama, mafuta na ngozi. Sufu ililetwa na walowezi, na ilikuja pamoja na unyang'anyi wa ardhi. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini mwa reli. Mwaka mmoja kabla ya hapo mlowezi Lord Delamere alikuwa amekodishiwa ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99, akaliita shamba hilo Equator Ranch.

Delamere alinunua maelfu ya kondoo majike wa Kimaasai akawapandisha kwa madume kutoka Uingereza. Mwaka 1904 aliagiza pia majike 500 wa merino, aina ya kondoo wa sufu, kutoka New Zealand. Wanne katika kila watano walikufa upesi.

Alichokuwa anakinunua kwa gharama hiyo ni tabia ya kinyweleo. Kila unywele huota kutoka kwenye kinyweleo kilichozama ndani ya ngozi, na chini kabisa ya kinyweleo kuna kifundo kidogo cha seli kiitwacho papila. Kinyweleo hakioti mfululizo. Hukua, hunywea, hupumzika, kisha huanza upya. Hatua hizo tatu zilipewa majina ya anajeni, katajeni na telojeni mwaka 1926 katika utafiti wa F. W. Dry kuhusu manyoya ya panya. Dry huyo aliwahi kuwa mtafiti wa wadudu Kenya. Baadaye alihamia New Zealand, akawa bingwa wa sufu.

Amri za mzunguko wa kinyweleo hupitishwa kwa protini zinazotoka seli moja hadi nyingine. Protini za kundi la Wnt huamsha kinyweleo kilicholala: zikifika kwenye seli, protini iitwayo beta-katenini hulundikana, huingia katika kiini na kuwasha jeni za ukuaji. Protini za BMP hufanya kinyume, huvilaza vinyweleo, na Noggin huzishika BMP ili ukuaji uanze. Protini ya Shh huchochea seli kugawanyika na kinyweleo kushuka ndani zaidi. Ukuaji ukifika mwisho wake, protini ya FGF5 ndiyo husimamisha kazi. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba panya aliyeharibiwa jeni ya FGF5 huota manyoya marefu kupita kiasi, kwa sababu amri ya kusimama huchelewa.

Kondoo wa kale walibadili manyoya kila mwaka. Urefu wa mchana uliongoza homoni za melatonini na prolaktini, nazo zikavituliza au kuviamsha vinyweleo kwa msimu. Kwa merino, karne nyingi za kuchagua mbegu zimekifanya kinyweleo kibaki katika hatua ya kukua kwa miaka. Tena vinyweleo vyake vya pili, vinavyotoa nyuzi nyembamba, ni vingi mno: ishirini na zaidi kwa kila kimoja cha kwanza. Kwa mnyama kama huyo, Njoro iliyo karibu na Ikweta, ambako mchana haubadiliki sana mwaka mzima, haikuwa na ubaya kwa upande wa urefu wa mchana. Mwaka 2017 watafiti waliihusisha sufu na nakala ya jeni EIF2S2 iliyojipachika kwenye mkia wa jeni IRF2BP2. Hayo yote hayakujulikana Njoro. Wafugaji waliona tu kwamba chotara wa kwanza wana sufu iliyochanganyika na nywele ngumu zisizoshika rangi vizuri, na kwamba vizazi kadhaa vya kuwapandisha tena kwa madume wa sufu huisafisha.

Mbegu ilikuwepo, lakini ardhi iliikataa. Mifugo ya Njoro na Nakuru ilikonda huku nyasi zikiwa tele, na maradhi hayo yakaitwa Nakuruitis. Katika miaka ya 1920 John Boyd Orr na taasisi ya Rowett ya Aberdeen walichunguza madini ya malisho ya Kenya, na upungufu wa chuma ulishukiwa. Jibu lilipatikana Australia mwaka 1935: kinachokosekana katika malisho ya namna hiyo ni kobalti. Udongo wa majivu ya volkano wa Nakuru una kidogo mno. Vijidudu vya tumboni mwa kondoo huhitaji kobalti ili kutengeneza vitamini B12, iliyotambuliwa mwaka 1948. Bila B12, mnyama hapati nguvu kutoka kwenye malisho, wala hawezi kurejesha methionini, ambayo ndiyo chanzo cha salfa ya sufu. Seli za kinyweleo hugawanyika kwa kasi kubwa kuliko nyingi mwilini, hivyo huathirika mapema. Wnt inaweza kuamrisha, lakini seli isiyo na malighafi haigawanyiki. Shaba nayo ikipungua, sufu hupoteza mikunjo yake.

Kabla ya jibu hilo kupatikana, Delamere alikuwa amehamishia mifugo Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, na huko kondoo walistawi. Baadaye nyanda za baridi za Molo na Mau Narok zikawa makao ya Corriedale, anayetoa sufu na nyama. Baada ya uhuru mashamba mengi makubwa yaligawanywa, nyuzi za viwandani na mitumba zikashusha thamani ya sufu, na wafugaji wa Naivasha na Gilgil wakaelekea kwa Dorper kutoka Afrika Kusini, ambaye hudondosha manyoya yake mwenyewe. Wengi humchanganya na kondoo mwekundu wa Kimaasai, anayestahimili minyoo ya tumbo kuliko Dorper. Corriedale wa Molo wamebaki, na kwa kuwa kinyweleo chao hakipumziki, ni lazima wanyolewe hata pale sufu yao inapokosa mnunuzi.