"Umeme Umeunguza": Utambuzi wa Uharibifu wa Kompyuta kama Chanzo cha Historia ya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Historia ya kompyuta nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata maamuzi ya Serikali. Masimulizi hayo huanza mwaka 1965, kompyuta ya kwanza ilipofungwa katika Wizara ya Fedha. Hupita katika marufuku ya mwaka 1974 iliyozuia uingizaji wa kompyuta na televisheni. Kisha hufika katika Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 2003. Katika mtiririko huo, kompyuta huagizwa, hukatazwa na kuruhusiwa. Ni nadra kuonekana ikiharibika.

Hata hivyo, kuharibika ni sehemu ya historia ya chombo kama kulivyo kununuliwa. Kompyuta ya nyumbani au ya kibandani inapokufa, aghalabu haiachi waraka wowote. Sababu ya kifo chake hubaki katika maneno mawili: umeme umeunguza. Makala haya yanadai kwamba maneno hayo si ushahidi bali ni hukumu, na kwamba mtafiti hawezi kuyatumia bila kujua hukumu hiyo hufikiwaje. Hoja hiyo inajadiliwa kwa kuitazama Buguruni, na kwa kuchukua mfano ulio mgumu kuliko yote, yaani kompyuta ambayo mwenyewe ameipandisha kasi kupita kiwango cha kiwandani, kisha ikapatwa na hitilafu ya umeme.

2.0 Gridi Iliyozaa Maelezo

Maneno umeme umeunguza yana historia yake. Tangu Kidatu ianze kuzalisha umeme mwaka 1975, gridi ya taifa iliegemea maji, na Mtera (1988) pamoja na Kihansi (2000) zikaimarisha mwelekeo huo. Mvua zilipopungua, mgao ulifuata: katika miaka ya mwanzo ya 1990, mwaka 2006, na tena mwaka 2011. Mgao wa mwaka 2006 ulizaa mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, ambao uliishia kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008.

Miaka hiyohiyo ndiyo kompyuta ilipotoka ofisini na kuingia mitaani. Vibanda vya intaneti, vya kuchapa na vya kunakili nyaraka vilienea, na mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukatia nanga Dar es Salaam. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wamiliki wa kawaida wa kompyuta kilijifunza kuimiliki ndani ya mgao. Si ajabu kwamba kila mashine iliyozimika ilihesabiwa kuwa imeuawa na umeme. Maelezo hayo yalikuwa na uzito wa kisiasa: kusema umeme umeunguza kulikuwa pia kunung'unikia namna nchi inavyoendeshwa.

Hapa panahitajika uangalifu. Mgao wenyewe hauunguzi kitu, kwa kuwa waya usio na umeme hauna madhara kwa chombo. Kinachodhuru ni mambo yanayoandamana nao: msukumo wa ghafla umeme unaporudi, umeme mdogo unaodumu kwa saa kadhaa, au jenereta dogo lisiloshika kiwango chake. Madhara haya hutofautiana, na kila moja huacha alama yake.

3.0 Buguruni na Ushahidi wa Majirani

Buguruni imo katika Wilaya ya Ilala, jirani na Temeke, mahali Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela. Ni mtaa wa nyumba zilizosongamana, ambamo vyumba hupangishwa kwa kaya mbalimbali na mara nyingi mita moja ya LUKU hutumiwa na wapangaji kadhaa. Mpangilio huu una maana katika utambuzi wa uharibifu, kwa sababu unaleta mashahidi.

Nyumba za kawaida hupata fezi moja kati ya tatu zinazopita mtaani, zikishirikiana waya wa nyutro. Waya huo ukikatika nguzoni, volti 230 zilizokusudiwa huweza kupanda kuelekea 400 katika baadhi ya nyumba, huku nyingine zikipata umeme hafifu. Katika tukio la namna hiyo, friji la chumba cha pili na televisheni ya nyumba ya tatu huungua saa ileile. Fundi mwenye busara huuliza kwanza habari za majirani kabla ya kushika bisibisi. Iwapo vyombo vingi vimekufa pamoja, chanzo kiko nje. Iwapo ni kompyuta peke yake, chanzo huenda kiko ndani, na lawama hubadili mwelekeo.

4.0 Ushahidi wa Ndani

Utamaduni wa kuipandisha kasi kompyuta ni wa zamani. IBM ilipotoa modeli yake ya AT mwaka 1984 ikiwa na kasi ya megahezi 6, baadhi ya watumiaji walibadilisha kristali yake ili ifike 8. Prosesa ya Celeron 300A ya mwaka 1998 ikapata umaarufu duniani kwa kuwa iliweza kupelekwa kutoka megahezi 300 hadi 450. Ili prosesa ihimili kasi hiyo, mara nyingi mtumiaji huiongezea volti, na hapo joto na mzigo wa umeme hupanda pamoja.

Mashine ya namna hii huchanganya visababishi. Pawasaplai ina akiba ndogo ya umeme katika kapasita zake, inayoweza kuibeba kompyuta kwa sehemu ndogo ya sekunde pale umeme unapoyumba. Kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa, ndivyo akiba hiyo inavyokwisha upesi. Mtikisiko ambao kompyuta ya kawaida ingeuvumilia huizima iliyopandishwa kasi. Katika hali hiyo, anayesema ni umeme na anayesema ni mwenye mashine wote wana sehemu ya ukweli.

Njia ya kuwatenganisha ni mpangilio wa vipimo kutoka nje kwenda ndani. Hatua ya kwanza ni kuchomoa waya, kutazama na kunusa. Fyuzi iliyokatika na kapasita zilizopasuka upande wa umeme mkubwa ndani ya pawasaplai huonyesha kwamba dhara liliingia kutoka ukutani. Hata hapo fundi hana budi kutazama swichi ndogo ya nyuma iliyokuwa katika pawasaplai nyingi za zamani. Kompyuta iliyotumika Japani au Marekani iliweza kufika nchini ikiwa imewekwa upande wa volti 115. Ikichomekwa katika 230, kapasita hizo hupokea volti nyingi kupita zinavyostahimili. Mwenye mashine husema umeme umeunguza, ilhali gridi siku hiyo haikuwa na kasoro.

Hatua ya pili ni kuipima pawasaplai peke yake, kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi, kisha kusoma mita: volti 12, 5 na 3.3 zinapaswa kubaki ndani ya asilimia 5 ya kiwango chake. Ikiwa mzima, uchunguzi huhamia kwenye mazabodi. Mipangilio yote hurudishwa ya kiwandani, kibao kimoja tu cha kumbukumbu huachwa, na vifaa vingine huondolewa. Kompyuta ikiwaka baada ya hapo, mazabodi haikuungua; huenda ilishindwa na kasi iliyolazimishiwa, au kasoro imo katika kifaa kimojawapo kilichoondolewa. Isipowaka, fundi hupima transista zinazoilisha prosesa. Zikiwa zimeungana na kubabuka wakati pawasaplai ni salama, dalili huelekea kwenye mzigo wa ndani kuliko kwenye nguzo ya mtaani.

5.0 Hitimisho

Mpangilio huu unafanana na uhakiki wa vyanzo unaotakiwa kwa mwanahistoria. Fundi haanzi na kauli ya mwenye mali. Huanza na alama zilizobaki, huzilinganisha na ushahidi wa majirani, na huondoa sababu moja baada ya nyingine. Kauli huja mwisho. Mtafiti akikuta katika kumbukumbu za ofisi, shule au kibanda kwamba mashine fulani iliunguzwa na umeme, anapaswa kuuliza ni nini kilipimwa, na nani alinufaika na jibu hilo.

Suala hili lina matokeo kwa watu. Mmiliki wa kibanda aliyepoteza kompyuta amepoteza mtaji, na tofauti kati ya nyutro iliyokatika nguzoni na swichi iliyosahauliwa ndiyo tofauti kati ya dai la fidia na hasara ya mwenyewe. Kuliacha neno umeme lifunike yote mawili ni kumnyima haki aliyeonewa na gridi, kwa kuwa madai yake huchanganywa na yasiyo na msingi. Historia ya kompyuta Dar es Salaam itakamilika pale ambapo meza ya fundi itahesabiwa kuwa mahali pa maarifa, sawa na majalada ya wizara.