Mawazo mingi: dawa ilifika mbele ya jina

Kisha kumaliza lisansi ya agronomia nilikaa karibu mwaka mzima bila kazi. Usiku usingizi hauji, moyo unapiga mbio, tumbo inakaza. Nikiacha kuwaza kazi, naanza kuwaza afya ya mama. Nikiacha ile, nawaza vita. Nyumbani walisema: «Uko na mawazo mingi, omba tu.» Niliomba. Lakini niliona pia haya, nikazani niko mzaifu. Kumbe hali hii iko na historia ndefu.

Mwaka 1869, daktari Mmarekani George Beard alisema watu wa namna hiyo mishipa yao ya fahamu imeishiwa nguvu. Mwaka 1895, Sigmund Freud kule Vienna akatenga wasiwasi na ule uchovu: kwake, wasiwasi ni ugonjwa wenye kujitegemea.

Kisha vidonge vikafika: Miltown mwaka 1955, Librium 1960, Valium 1963. Vilituliza watu kweli. Lakini wengi walizoea, kuacha ikawa vita ingine. Na angalia: ni mwaka 1980 tu ndipo kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kilipatia wasiwasi wa kila siku jina lake, mbali na hofu ya gafla. Mwaka 1987 wakaongeza kipimo: udumu miezi 6.

Wakati huo, tangu miaka ya 1960, Aaron Beck kule Philadelphia alikuwa anatibu kwa maongezi. Mgonjwa anajifunza kuuliza wazo lake: uko na ushahidi gani?

Na Afrika? Zimbabwe, Washona wako na neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Si ni yetu ile ya «mawazo mingi»? Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 kule Harare. Wanakaa na mtu kwenye benchi inje ya kituo cha afya, wanamusikiliza, wanachagua pamoja shida moja ya kuanzia. Matokeo ya jaribio la watu 573 yalitoka mwaka 2016: kisha miezi 6, wale wa benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Sisi wa agronomia tunajua: jani likigeuka manjano, haumwagi dawa mbele ya kuchunguza udongo. Basi usinunue Valium kwa farmasi ya kando ya barabara juu rafiki amekuambia. Na kama unaimeza tayari siku mingi, usikate gafla. Muone munganga kwanza.

Mimi nilienda kuongea na muuguzi wa kituo chetu. Aliniuliza: «Shida gani ya kwanza?» Hakuna mtu alikuwa ameniuliza vile. Kazi sijapata bado, lakini usiku nalala.

Na wewe, mawazo yako umeambia nani?