Lumeni ni ya jicho la nani? Kutoka mshumaa wa nyangumi hadi taa za dagaa Msasani

Usiku wa giza, yaani zile siku ambazo mwezi haupo, nenda ufukweni Msasani uangalie baharini, upande wa visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Utaona vitaa vimetawanyika juu ya maji kama vile kuna mtaa mwingine kule. Hao ni wavuvi wa dagaa. Dagaa anafuata mwanga, taa inawashwa, samaki wanajikusanya, wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa inapoteza nguvu yake, ndiyo maana wavuvi wengi wa dagaa siku hizo wanapumzika.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai: mafuta ya taa, pampu, na kile kifuko cha nyuzi kinachowaka cheupe. Halafu ikaja bajeti ya 2011/12. Ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, kwa sababu yalikuwa yanatumika kuchakachua dizeli. Lengo lilikuwa wachakachuaji, lakini mvuvi naye alilipa. Wakati huohuo taa za LED zilikuwa zinashuka bei, na mwaka 2014 Evan Mills na wenzake walichapisha utafiti kuhusu LED za sola kuchukua nafasi ya karabai kwenye uvuvi wa usiku Ziwa Victoria. Leo mvuvi anaingia dukani Kariakoo na kuonyeshwa boksi: wati kadhaa, lumeni kadhaa. Nyingi ndiyo nzuri, si ndiyo?

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Wati ni kipimo cha nishati kwa kila sekunde; haijali nani anaangalia. Lumeni ni kitu tofauti kabisa. Ndani ya lumeni kuna jicho, tena jicho la binadamu, na jinsi lilivyoingia humo ni hadithi ya karibu miaka mia mbili.

Tuanzie kwa Jan Purkinje, mwanafiziolojia wa Bohemia. Aliona kwamba alfajiri, kabla jua halijachomoza, maua mekundu yanaonekana karibu meusi huku ya bluu na majani ya kijani yakiwa yameshaanza kung'aa. Jua likipanda, mekundu yanawapita. Alichapisha jambo hilo mwaka 1825. Maua hayajabadilika, aliyebadilika ni mtazamaji. Unaweza kulijaribu mwenyewe kesho kwa kanga yenye nyekundu na bluu, saa kumi na moja alfajiri, kabla hujawasha taa.

Wafanyabiashara wa mwanga hawakuwa na muda na maua. Sheria ya gesi ya London ya mwaka 1860 ilipima taa kwa mshumaa: mshumaa wa mafuta ya kichwa cha nyangumi, wenye uzito maalumu, unaoungua kwa kasi maalumu. Taa yako ni sawa na mishumaa mingapi? Unaweka taa huku, mshumaa kule, unasogeza mpaka pande zote mbili za karatasi ziwe na mwangaza sawa. Njia nzuri, ilimradi taa zote mbili ziwe na rangi inayofanana. Zikitofautiana rangi, watu wawili wanaanza kubishana, na mtu yuleyule akirudia kesho anatoa jibu jingine. Hebu jaribu kusema taa nyekundu na ya kijani ni ipi "kali zaidi". Ni kama kulinganisha ukali wa pilipili na uchachu wa ndimu.

Ufumbuzi wake, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya mbinu za werevu zaidi katika sayansi ya macho. Badala ya kuweka rangi mbili ubavuni, zipishanishe haraka mahali palepale: nyekundu, kijani, nyekundu, kijani. Kwa kasi fulani rangi zinachanganyika na unaona njano tu, ila inapepesuka kama taa ya umeme mdogo. Sasa punguza au ongeza mwanga wa rangi moja mpaka kupepesuka kuwe kudogo kabisa. Hapo tunasema mwangaza ni sawa. Huulizwi tena "ipi kali?", unaulizwa "inatulia lini?", na watu wanakubaliana vizuri zaidi.

Kwa njia hii na nyingine za jirani yake, watafiti wa ofisi ya viwango ya Marekani kule Washington walipima macho ya watu rangi kwa rangi. Coblentz na Emerson walitoa matokeo yao mwaka 1918, Gibson na Tyndall wakafuata mwaka 1923 na kuunganisha data za watafiti kadhaa. Mwaka 1924, mkutanoni Geneva, Tume ya Kimataifa ya Uangazaji, CIE, ikapitisha mchoro mmoja: "jicho la wastani". Kilele chake kipo kwenye kijani-njano, nanomita 555, halafu unashuka pande zote mbili kama kilima. Waliopimwa kwa jumla walikuwa watu mia mbili na ushee, wengi wao huko huko Marekani. Kwa macho hayo ndiyo boksi lako la Kariakoo limepimwa.

Mshumaa wa nyangumi ulishaachwa, lakini jicho likabaki. Mwaka 1979 kandela ilipewa maana mpya: mwanga wa kijani wenye mzunguko wa trilioni 540 kwa sekunde unahesabiwa lumeni 683 kwa kila wati moja. Vipimo vya kimataifa viliposukwa upya mwaka 2019, namba hiyo ilipewa kiti pamoja na kasi ya mwanga. Yaani katika orodha ileile ya vitu visivyobadilika ulimwenguni, kuna kimoja kinachohusu mboni zetu.

Sasa tulete LED. Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu inayoonekana mwaka 1962, George Craford akaleta ya njano mwaka 1972, na ya bluu yenye nguvu ikasumbua watu mpaka Shuji Nakamura alipoitoa mwaka 1993. Akasaki, Amano na Nakamura walipata Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2014. Chukua tatu, na tuseme kila moja inatoa wati 1 ya mwanga wenyewe, siyo wati ya umeme wa LUKU. Ya kijani ya nanomita 525 inahesabiwa lumeni 540 hivi. Nyekundu ya nanomita 630, lumeni 180. Ya bluu ya nanomita 470, lumeni 62 tu! Nishati ni ileile. Jicho la wastani limeipa bluu karibu sehemu moja ya tisa ya kijani.

Na hata kwa binadamu hesabu hiyo haitoshi. Bluu na nyekundu zilizokolea huonekana kali kuliko lumeni zake zinavyosema, kwa sababu njia ya kupepesuka haihesabu mchango wa rangi yenyewe. Mwaka 1951 Judd alionyesha kwamba mchoro wa 1924 umeipunja bluu iliyo chini ya nanomita 460 hivi. Umri nao: lenzi ya jicho inaelekea unjano kadiri tunavyozeeka, inakula bluu, kwa hiyo wewe na bibi yako hamwoni LED moja kwa namna moja.

Usiku ndiyo kabisa. Mchana tunatumia seli za retina zinazoitwa koni. Gizani zinashika zamu seli za fito, ambazo kilele chake ni nanomita 507. Kwa fito, ile bluu ya 470 ina thamani ya asilimia 68 ya kilele, wakati nyekundu ya 630 haifiki hata asilimia 1. Ndiyo hadithi ya Purkinje hiyo. Ndiyo pia sababu kale kataa ka bluu kwenye sabufa, mchana hukaoni, usiku wa manane kanamulika chumba kizima.

Turudi kwa dagaa, maana yeye hakuwa miongoni mwa waliopimwa Washington. Macho ya samaki wengi wa baharini yameelekea bluu na kijani, kwa sababu huo ndio mwanga unaofika kwao: maji humeza nyekundu ndani ya mita chache za mwanzo, na yakiwa maangavu hupitisha bluu mbali zaidi, yakiwa na vijimea na tope la pwani hupitisha zaidi kijani. Kwa hiyo taa mbili zenye lumeni 1,000 kila moja, moja ya njano-njano na nyingine nyeupe ya kibluu, kwetu ni sawa na kwake si sawa. LED nyeupe ya kawaida ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa manjano. Kadiri unga unavyokuwa mwingi, lumeni zinaweza kupanda huku bluu inayozama majini ikipungua. Mvuvi anayelipa zaidi kwa lumeni anaweza kuwa analipia mwanga unaomfurahisha yeye juu ya ngalawa tu.

Mtu anayetaka kuweka kikomo cha mwanga ili samaki wasimalizwe ana shida hiyohiyo. Akiandika kanuni kwa lumeni, LED ya bluu itapita chini ya kikomo kirahisi huku imebeba nishati mara tisa ya ile ya kijani yenye lumeni sawa. Kinachohitajika ni wati za mwanga kwa kila rangi, pamoja na kujua maji yenyewe yakoje, kitu ambacho boksi halisemi.

Nyekundu nayo ina kazi yake baharini, ila siyo kwa samaki. Kwa kuwa fito karibu haziioni, tochi nyekundu hafifu inamwezesha mvuvi kufungua fundo la wavu bila kuharibu macho yaliyozoea giza. Akiwasha nyeupe kali kwa dakika moja tu, itachukua kama nusu saa kabla hajaona vizuri tena kilichopo nje ya duara la taa yake.