Leseni Kwenye Bahasha ya Kaki

Leseni yangu ya kufundishia ninayo hadi leo, ndani ya bahasha ya kaki iliyochakaa kingo. Niliipata nikiwa nimetoka kidato cha sita, nikaanza kazi katika sekondari ya wazazi mkoani Kilimanjaro. Ilikuwa miaka ya themanini: wazazi walitaka sekondari, serikali haikuwa na fedha ya kuzijenga zote, basi wakachangishana mawe, mabati na mishahara yetu.

Sheria ya Elimu ya 1978 ilikuwa wazi. Aliyesomea ualimu alisajiliwa. Asiyesomea alifundisha kwa leseni. Mkaguzi alipofika shuleni kwetu, kabla hajafungua daftari la mwanafunzi yeyote, aliomba karatasi ile.

Ualimu wa kujifunzia kazini niliuona kabla sijaujua jina. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na vyuo visingetosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki huko huko vijijini, wakasomeshwa na walimu wenzao, kwa redio na kwa masomo ya posta, kisha wakamalizia kwa wiki chache chuoni. Mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi alikuwa mmoja wao. Mchana alianika betri za redio juani, kwenye ukingo wa dirisha la darasa letu, ili zipate nguvu ya kipindi cha jioni. Asubuhi alitufundisha alichokisikia, kwa mwandiko uliolala kulia. Watu waliwabeza walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mimi hesabu za sehemu nilizielewa kwake.

Lakini yeye alikuwa na ngazi ya kupanda: daraja C, kisha A, na serikali ikimngoja huko juu. Sisi wa shule za binafsi hatukuwa na mwenye kutungoja. Barua za semina zilienda shule za serikali. Nilipoomba ruhusa ya kwenda kusoma, mkuu wa shule aliniuliza nani atafundisha kidato cha tatu. Nikasoma kwa likizo, kwa ada niliyolipa mwenyewe, miaka minne, na mshahara haukupanda hata shilingi. Hilo bado linaniuma.

Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza 2004, wahitimu wa kidato cha sita walipigwa msasa wiki chache tu, wakapelekwa sekondari za serikali kwa leseni. Mtaani wakaitwa voda fasta, walimu wa chapuchapu. Jina lile lilinichoma. Nami nilianza vivyo hivyo, bila hata hizo wiki.

Sasa ipo Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2018, na ipo MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wakikaa pamoja shuleni kuchambua somo moja gumu. Binti yangu anafundisha shule ya binafsi Moshi. Juzi alinipigia simu: Jumamosi anakwenda semina kituo cha walimu, nauli yake, chakula chake.

“Mama, itahesabiwa lakini?”

Nikamwambia asitoke pale bila cheti chenye muhuri, na bahasha nitampa mimi.