Korosho za Mahiwa

Msimu wa korosho ukifika, mtoto wa Mtama hana haja ya kununuliwa mpira. Unapanga korosho zako mchangani, mwenzako anapanga zake, halafu mnarushia kwa zamu korosho moja kubwa iliyoshiba. Utakayoiangusha ni yako. Mchezo ndio huo, na jioni mtu anarudi nyumbani tajiri au analia.

Mimi na binamu yangu tulipofika darasa la sita tukaona kupanga mstari tu ni mambo ya watoto. Shuleni tulikuwa tumesikia kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa hapa hapa kwetu, basi tukachora ramani mchangani. Mfereji ukawa Mto Lukuledi, kopo likawa misheni ya Nyangao, na kichuguu kikawa Mahiwa. Korosho zangu zilikuwa za Mjerumani, zake za Mwingereza. Tukaweka na sheria: aliye nyuma ya kijiti hapigwi kirahisi, anayevuka mto hukosa zamu moja.

Babu alikuwa akicheza bao chini ya mwembe. Alipofungwa, akaja kututazama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Tunapigana vita vya Mahiwa, babu. Huyu Mjerumani, huyu Mwingereza."

Akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na baba yangu mmemweka wapi?"

Binamu akadakia, "Alikuwa upande gani?"

"Alikuwa chini ya mzigo."

Hatukuwa na korosho yake.

Ndugu msomaji, nilipokuja mjini kusoma ndipo nikagundua kwamba mchezo wetu una wazee wake Ulaya. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa vita wa ramani na dadu, uliotokana na ule wa baba yake. Wakubwa wakaupenda, ukawa somo la maofisa. Mwaka 1913 mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, H. G. Wells, akatoa kitabu cha sheria za kupigana sakafuni kwa askari wa bati na vizinga vya kuchezea. Huyo Wells hakuwa mpenda vita. Alieleza kwamba ukishacheza vita vidogo ndipo unapoona vita vikubwa vilivyo upuuzi. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja.

Leo mchezo huo una wapenzi wengi Ulaya na Marekani. Watu wazima, wenye kazi zao na wake zao, hukaa usiku wakipaka rangi vijisanamu vyenye urefu wa milimita 28 hivi, kisha huvipiganisha mezani kwa dadu na futi kamba. Katika aina moja ya mchezo kijisanamu kimoja ni mtu mmoja, wala si kikosi. Vita vya ndugu kwa ndugu vinapendwa mno: vile vya Uingereza vya 1642 hadi 1651, na vile vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Nami naona sababu. Katika vita vya namna hiyo, aliyeko kulia angeweza kabisa kuwa kushoto.

Sasa Mahiwa je? Vitabu vinasema ni vita vya Wazungu, na kweli ugomvi ulikuwa wao. Lakini hebu tuwahesabu waliolala kwenye mahandaki jirani na Mtama kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Kwa Mjerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa watu kama 1,500, wengi wao askari Waafrika: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na wengine. Kwa Mwingereza walikuwa karibu 5,000, na wengi wao nao walikuwa Waafrika: brigedi nzima kutoka Nijeria, na askari wa KAR. KAR ile ilikuwa imejaa Wayao wa Nyasa, watu wenye ndugu zao Masasi na Tunduru. Na ajabu kubwa ni hii: mwaka huo huo wa 1917 Waingereza walianzisha kikosi cha KAR na kuandikisha humo hata askari waliokuwa wa Mjerumani jana yake. Sare ilibadilika, mtu ni yule yule.

Matokeo? Mwingereza alikwenda mbele mara kwa mara, akipigwa na bunduki za rashasha kutoka mahandakini. Alipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Mjerumani alipoteza zaidi ya 500. Mezani ungempa Lettow-Vorbeck kikombe. Kumbe mshindi ndiye aliyefungasha: risasi zilikuwa zinamwishia, na watu aliopoteza hakuwa na wa kuwaziba. Tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Alikuja kuweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, mwaka mzima baadaye.

Nikirudi kwenye mchezo, nadhani Wazungu wamekosea kitu kimoja ambacho babu yangu alikijua pasipo kusoma. Kwenye meza yao, kijisanamu kikipigwa kinaondolewa. Kwenye bao la Kiswahili kete zote 64 hubaki ubaoni. Ukila kete za mwenzako huzitupi nje, unazipanda upande wako, na zamu ijayo zinakusaidia kumla yule yule aliyekuwa mwenyewe. Hayo ndiyo maisha ya askari wa 1917. Leo yuko kwenye mashimo haya, kesho yuko kwenye yale, wala hakuna aliyemuuliza kama anapenda.

Lakini hata bao halina shimo la mpagazi.

Na wapagazi ndio walikuwa wengi. Njia hizi hazikuwa na lori la kutosha, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Kila risasi iliyolia Mahiwa ililetwa na kichwa cha mtu. Wanahistoria wanakadiria kwamba Waingereza waliwatumia wapagazi karibu milioni moja katika vita nzima, na hesabu zao wenyewe zinakiri zaidi ya 40,000 waliokufa. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kibovu, wachache kwa risasi. Kwa upande wa Mjerumani hesabu haikuwekwa. Kariakoo tunayokwenda kununulia viatu vya mitumba imepata jina lake kwa kikosi hicho cha wapagazi, "Carrier Corps". Mbele kidogo, kwenye Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, aliyewekwa juu ni mtu mwenye bunduki. Wapagazi wanatajwa kwenye maandishi ya chini.

Jioni ile, baada ya babu kuuliza, tulijaribu kurekebisha mchezo. Binamu akaleta kiganja cha punje za mahindi. Tukaweka sheria mpya: korosho haitembei mpaka ifuatwe na punje tatu, na kila zamu punje moja inaliwa. Babu akakubali kuwa refa.

Tulianza kuzisogeza korosho kutoka Lindi, maana babu alisema jeshi halioti Mahiwa kama uyoga. Zamu ya kwanza, punje zikapungua. Ya pili, kuku akaja akala kadhaa, nasi tukataka kuzirudisha. Babu akakataa. "Acheni. Ndivyo ilivyokuwa." Kabla hatujaufikia mfereji wa Lukuledi, punje ziliisha. Korosho zikasimama njiani zote, zangu na zake, nzima kabisa, na hakuna hata moja iliyokuwa imerushiwa.

"Sasa nani kashinda?" binamu akauliza.

Babu alikuwa ameshaanza kurudi kwenye bao lake. Hakujibu. Sisi tukazikusanya korosho tukagawana sawa kwa sawa. Punje hatukuziona tena.

Kijana mwenzangu unayetaka kuandika, vita hivi vimeshaandikwa na majenerali. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa huku huku Lindi, aliichukua Maji Maji akaipandisha jukwaani katika "Kinjeketile", tamthilia iliyotoka mwaka 1969. Mahiwa nayo inangoja. Ukianza, usianzie mahandakini. Anzia njiani, kwa mtu ambaye hana bunduki, na shingo inamuuma.